Mji wa Mabega Sawa

Atuganile halali kwa kupenda. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wapo ndugu watakaokuja kusema kwamba mdogo wake alikuwa akipigania roho ndani huku yeye anakoroma nje, na ndugu wa namna hiyo hawakosekani katika ukoo wowote. Analala kwa sababu mwili umemshinda. Yuko kwenye benchi la korido ya hospitali, Mbeya, jua la mchana limeingia dirishani na kumkalia magotini, tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni kwa kuwa ametoka mbio kwenye chumba chake cha cherehani kule Mwanjelwa bila hata kukumbuka kuivua, na vidole vyake vina ukoko mweupe wa wanga wa muhogo aliokuwa akiuchemsha asubuhi simu ilipoita. Nyuma ya mlango ulio mbele yake amelazwa Sekela, mdogo wake wa pekee, figo zimegoma. Daktari amemweleza taratibu, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo begani: ni ule mkorogo, yale mafuta aliyokuwa akijipaka uso na mwili ili awe mweupe, yana zebaki, na zebaki imepenya ngozi ikaenda kukaa ndani. Damu inasafishwa kwa mashine. Kilichobaki ni mwili wenyewe kuamua kama unarudi au haurudi. Mtu akishaambiwa hivyo anafanya nini? Atuganile amekaa, amelikodolea macho pazia jeupe la mlangoni, lenye mikunjo mingi, na kila upepo ukipita mikunjo inafunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga, naye anajiambia asifumbe macho, asifumbe, na katikati ya kujiambia hivyo mkunjo mmoja unafunguka zaidi ya mingine, yeye anainuka kwenda kuchungulia, au anadhani ameinuka, na anaingia.

Ndani hakuna kitanda wala mashine. Kuna barabara nyeupe, ngumu, inayokwenda mbele hatua chache kisha inapinda na kurudi ilikotoka, halafu inapinda tena na kwenda, halafu inarudi, na Atuganile anaitambua kabla hajaikanyaga vizuri. Ni kola. Ni lile kola kubwa la duara la Wazungu wa kale, limekunjwa na kukunjuliwa kuizunguka shingo nzima, likalowekwa wanga mpaka likasimama lenyewe, kichwa cha mvaaji kikakaa juu yake kama kimeandaliwa mezani. Analijua kwa sababu amelishona. Mwaka mzima huu amekuwa akiandaa mavazi ya onyesho, mavazi yaliyotoka katika zama zile za Ulaya wanazoziita Renesansi, wakati wachoraji walipokuwa wanachora mwili wa binadamu kana kwamba ndiyo kwanza wameuona, na washonaji nao hawakutaka kuachwa nyuma. Na asikudanganye mtu, ni mazuri. Ukiona walivyokuwa wakichukua kitambaa cha thamani, kizima, wakakichana mikononi kwa makusudi ili bitana ya ndani ichungulie kwenye michano, unajua kwamba fundi wa leo anayekupandishia mkono ukavimba begani, au anayekufunga koseti ya kukubana kiuno siku ya kuagwa kwako kabla ya harusi, anakula chakula kilichopikwa zamani. Atuganile alilipenda jambo hilo mpaka akakonda. Mahali pa mifupa ya nyangumi, waliyokazia koseti watu wa kale, alitumia mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, sketi akazitanua kwa mabomba membamba ya maji, na gauni la kufungia onyesho alilikata kwenye mahameli nyeupe, akalichana mikono, na kwenye michano akavutia kaniki nyeusi itokeze. Gauni hilo angelivaa Sekela. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke wa zama hizo, uso mweupe usio na nyusi, paji limenyolewa likapanda hadi utosini, na siku moja, bila kuwaza, pini zikiwa mdomoni, Atuganile aliielekeza mkasi akasema gauni hili linataka sura kama ile. Alikuwa anazungumzia urembo wa jukwaani, poda ya jioni moja. Sekela alisimama tu akapimwa, na kuanzia wiki ile akaanza kuchelewa kutoka bafuni.

Sasa Atuganile anatembea ndani ya kola, na kola halimpeleki popote. Anakwenda, anapinda, anarudi, na akirudi anajikuta anatazamana na ukuta wa mkunjo aliotoka, mweupe, umesimama wima hadi juu. Nyuma ya ukuta huo anasikia mtu anapumua. Anazijua pumzi hizo, ni za Sekela, pumzi fupi zenye kikwazo mwishoni, amelala nazo chumba kimoja tangu mama yao alipofariki. Anaweka sikio ukutani na kuita, pumzi zinasita kidogo kisha zinaendelea, na yeye anakimbia kuuzunguka mkunjo ili atokee upande wa pili, na akitokea upande wa pili pumzi ziko nyuma ya ukuta unaofuata. Anakimbia tena. Anapiga ukuta ngumi. Chini ya viganja vyake ukuta una ubichi bado, una utelezi wa wanga ambao haujashika, lakini kule alikotoka, akigeuka, anaona weupe umeanza kukauka na kung'aa. Na kwenye kona ya mkunjo amesimama mtu ambaye hakuwepo. Amevaa nguo nyeusi ndefu, shingoni ana kola, na juu ya kola pana kichwa kisichokuwa na uso, laini kote, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu ikaanikwa. Karibu fundi, mtu huyo anasema, na sauti yake haitoki mahali pamoja. Atuganile anarudi nyuma kidogo, lakini shida haimwachii mtu nafasi ya kuogopa sana. Anamwambia amekuja kumchukua mdogo wake, anaitwa Sekela, yuko hapo nyuma ya ukuta, njia ni ipi. Njia ndiyo hii unayoivaa, anajibu Asiye na Uso. Sijavaa kitu, anasema Atuganile. Basi ndiyo maana hujafika. Atuganile anamwomba, baba, kama ni baba, au mama, mimi sina akili ya mafumbo leo, niambie tu kama nitamkuta. Mtu yule anagusa ukuta kwa kidole na kuonyesha mahali palipokauka. Wanga ukiwa mbichi, aliyemo anatoka, anasema. Ukishakauka, kinachobaki ni vazi.

Atuganile anafanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya mbele ya mkunjo uliogoma. Haupigi tena. Anatafuta ulipoanzia. Anapiga magoti, anapapasa chini kwenye ukingo mpaka anaupata uzi, anauuma kwa meno na kuuvuta, na mkunjo unalegea mbele yake, barabara inanyooka kwa sauti ya shuka linalokung'utwa, na mwishoni mwake upo mji.

Mji una mtaa mmoja tu usiokwisha. Upande wa kushoto ni nyumba, upande wa kulia ni vioo, na kila nyumba ina kioo chake. Asiye na Uso anatembea mbele, na Atuganile anamfuata huku akichungulia kila mlango, maana huwezi kujua. Kwenye mlango wa kwanza bibi wa kale anang'olewa nywele za paji, moja moja, kwa kibanio, machozi yanamtiririka na mwenyewe anatabasamu. Kwenye kioo kilichoelekeana naye amekaa binti wa leo, saluni, nyusi zimenyolewa zote na nyingine zinachorwa kwa kalamu. Mlango unaofuata wanambana bibi mwingine koseti, wawili wanavuta kamba na mmoja amemwekea goti mgongoni. Kwenye kioo ni bibi harusi wetu kabisa, kamati nzima imemzunguka, amebanwa mpaka pilau ya harusi yake mwenyewe ataisikia kwa harufu. Mwingine anadondoshewa maji ya mmea wa sumu machoni ili mboni zipanuke na macho yawe makubwa ya kuvutia, haoni tena mbele, anapapasa. Kwenye kioo msichana ameinua simu, na simu inamtanulia macho, inamchonga kidevu, inampausha, anaangalia anachoonyeshwa kisha anajigusa shavu lake halisi kama limemkosea. Na mlango mmoja Atuganile anaupita haraka, halafu anarudi, kwa sababu harufu imemshika. Bibi wa humo anapakwa weupe. Ni unga wa madini ya risasi uliochanganywa na siki, unapakwa kwa brashi kutoka kwenye paji hadi kwenye titi, tabaka juu ya tabaka, na chini ya weupe ngozi imeoza, ndiyo maana anapakwa tena ili uozo usionekane. Atuganile hataki kugeuka kutazama kioo. Anageuka. Kioo hakina mtu. Kuna bafu analolijua, ndoo yake ya bluu, taulo lake, na kopo lililoachwa wazi, alama za vidole bado zimo kwenye mafuta. Amekwenda wapi aliyekuwa hapa, anauliza, na sauti yake imepanda bila yeye kutaka. Walio tayari wako ukumbini, anasema Asiye na Uso. Wanasubiri kukauka.

Ukumbi hauna kuta za mwisho. Wanawake wamesimama mstari, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yanapochoka, na wote wamevaa gauni moja: mahameli nyeupe, mikono iliyochanwa, kola la mikunjo lingali linadondosha matone ya wanga sakafuni. Kila kola lina kichwa, na kila kichwa ni laini, cheupe, hakina macho wala mdomo. Atuganile anaita kwa nguvu zake zote, Sekela! Na wote wanageuka. Abee, dada, wanasema, wote, kwa sauti ile ile ya Sekela, ile sauti yake ya kuamkia asubuhi. Anauliza tena kwa kunong'ona, ni nani kati yenu. Abee, dada. Basi anaamua kutafuta kwa alama. Alama ipo, na hakuna anayeijua kuliko yeye. Sekela alizaliwa kwa shida, alivutwa, mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukavunjika na kuunga vibaya, na tangu hapo bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Atuganile anapita mbele ya mstari akitazama mabega. Yako sawa. Anapita tena, anainama, anafumba jicho moja kama anavyofanya akikagua pindo, na mabega yako sawa, yote, mstari mmoja ulionyooka kuelekea mwisho wa ukumbi, ungeweza kuvuta kamba juu yake na kuanika nguo.

Hawa amewasawazisha nani, anauliza. Tazama mshono, anasema Asiye na Uso. Atuganile anamkaribia mwanamke aliye mbele yake, anapapasa bega la kushoto chini ya mahameli, na vidole vinaujua mshono kabla ya kichwa. Ndani kuna sponji. Imekatwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, imeshikizwa kwa mkono, na ncha ya uzi haikukatwa kwa mkasi, imeumwa kwa meno. Ni kazi ya Atuganile mwenyewe. Ndivyo alivyoishona kwenye sare ya Sekela ya darasa la kwanza, na kwenye gauni lake la kipaimara, na kwenye blauzi, makoti, hata kwenye fulana za nyumbani, siku zote, kwa ufundi ambao mtu wa nje asingeuona, mpaka watu wa mtaani waliokutana na Sekela ukubwani hawakuwahi kujua kwamba ana bega lililoshuka. Alijivunia hilo. Wateja aliwaambia kwamba fundi mzuri ni yule anayeficha. Na sasa amesimama katika mji wa mabega sawa akimtafuta mtu kwa alama aliyoifuta mwenyewe, na wanga unakauka, anausikia, unalia kwa milio midogo kutoka upande wa mbali wa mstari. Anachukua wembe wake mfukoni. Hafikiri. Anamfumua huyu aliye mbele yake, kutoka shingoni hadi begani, anatia mkono ndani kumtoa mdogo wake, na ndani hakuna mdogo wake, kuna pamba, pamba, pamba, inamwagika na kumfunika miguu mpaka gauni linalala chini tupu, na mahali fulani kwa mbali, kwenye vioo, mwanamke wa watu anapiga kelele na kunyamaza. Asiye na Uso anaokota gauni na kulikunja. Huyu naye alikuwa na dada, anasema. Kisha anauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ina kitu kama huruma: fundi, unatafuta alichokuwa nacho, au unatafuta ulichomwondolea?

Atuganile anakaa chini katikati ya pamba na kulia. Analia vibaya, kilio cha makamasi, kile ambacho msibani huwa wanakuja watu kukushika. Hakuna anayekuja kumshika. Anamwambia Mungu amchukue yeye, anamwambia achukue macho yake, mikono yake, cherehani zote. Mstari umesimama kimya, na weupe unaong'aa umeshapita katikati ya ukumbi na unakuja. Mkono wake, kwa mazoea tu, unakwenda shingoni kuishika tepu, kama ambavyo mtu mwingine angeshika rozari, na anaivuta, na inaposhuka inamgusa mwanamke aliye jirani. Mwanamke hatikisiki. Amesimama kama sanamu la dukani. Na Atuganile anaacha kulia ghafla, amebaki mdomo wazi, kwa sababu amekumbuka jambo ambalo hajawahi kulihesabu kuwa jambo. Mtu yeyote akipimwa anajirekebisha. Mwenye tumbo anavuta tumbo ndani, mfupi anasimama juu ya vidole, na fundi anajua, anasubiri wapumue ndipo asome tepu. Sekela naye ana lake. Tepu ikimkaribia, hata kabla haijamgusa, anainua bega la kushoto. Analiinua kidogo sana, na anazuia pumzi, na anatazama ukutani, tangu akiwa mtoto, na Atuganile siku zote aliona ni ushirikiano mzuri.

Anainuka. Ananyoosha tepu kwa mikono miwili na kuanza kupita mbele ya mstari, bega la kushoto, bega la kushoto, bega la kushoto. Wanasimama. Hawapumui. Anakwenda haraka, halafu anaogopa kwamba haraka itamfanya asione, anakwenda polepole, halafu anasikia wanga unalia nyuma yake na anakwenda haraka tena. Vidole vimeanza kuwa vigumu. Ukoko wa wanga umepanda kutoka kwenye kucha hadi kwenye viwiko, akikunja mkono unapasuka na kujishika upya. Miguu nayo. Kila mwanamke anayempita anakauka mgongoni pake, na anajua kwamba akishampita mmoja kimakosa hakuna kurudi, na bado anapita, bega la kushoto, bega la kushoto, machozi yamemkaukia usoni mpaka anahisi uso wenyewe unakuwa laini na hauna kitu. Ndipo mmoja anapoinua. Ni kiasi cha unene wa kitambaa. Sponji inapanda kidogo chini ya mahameli na kubaki hapo, na ndani ya uso usio na mdomo pumzi inazuiwa.

Atuganile anaidondosha tepu. Sekela, anasema. Huyu hasemi abee. Wengine wote wanasema, huyu anakaa kimya, na kimya chake ndicho kinachomhakikishia. Atuganile anamwekea mkono begani, juu ya sponji yake mwenyewe. Shusha bega, mdogo wangu.

Nikilishusha gauni litakaa vibaya, inasema sauti kutoka ndani ya weupe.

Likae vibaya.

Onyesho je?

Hakuna onyesho. Shusha.

Nimechoka kulishusha na kulipandisha, dada. Hapa limekaa. Hapa hakuna anayenipima tena. Sauti inasita, kisha inasema bila hasira yoyote, na bora ingekuwa na hasira: tangu darasa la kwanza unanishonea. Ulikuwa unamficha nani?

Nilikuwa sitaki wakucheke, Atuganile anasema.

Hawakunicheka. Hawakuniona.

Nyuma ya Atuganile ukumbi mzima umeshang'aa, kola lililo mbele yake limeanza kushika kutoka kwenye ukingo wa nje, mkunjo kwa mkunjo, linaelekea shingoni. Angeweza kuomba msamaha, lakini msamaha ni mrefu na muda haupo. Anasema tu kilicho mdomoni. Nilikubeba mgongoni mpaka ukaenda shule. Ulikuwa unalala upande mmoja, kwa sababu ya bega hilo, na mate yako yalikuwa yananilowesha hapa. Anajigusa shingo. Mpaka leo nikishona baridi ikinipiga hapa nakukumbuka wewe. Sijui bega la mtu mwingine yeyote duniani, hata langu silijui. Nalijua hilo. Lishushe nilione. Na anatia wembe kwenye mshono wake, anakata ncha aliyoiuma kwa meno, anaivuta sponji na kuitupa, kisha anangoja, mkono uko wazi, hautaki kulazimisha. Bega linatetemeka. Linabaki juu. Linatetemeka tena, na pumzi iliyozuiwa inatoka, ndefu, yenye kikwazo mwishoni, na bega linashuka. Linashuka mpaka mahali pake. Kola linapasuka upande huo, wanga unaanguka kwa magamba, mahameli inateleza, na kaniki iliyokuwa inachungulia kwenye michano inajaa na kutokeza yote, nyeusi, na weupe wa usoni unapata ufa kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Atuganile anashika kingo za ufa kwa vidole vilivyokaribia kuwa mawe. Anavuta. Anataka kuona jicho moja tu, moja linatosha. Fundi, inasema sauti nyuma yake, fundi. Anavuta. Fundi, amka.

Anaamka. Mbele yake amesimama mtu mwenye nguo nyeupe na barakoa iliyoufunika uso mpaka machoni, na miwani yake imeshika mwanga wa dirisha, macho hayaonekani. Atuganile anamkamata mkono na kumuuliza njia ni ipi. Mtu huyo anaondoa mkono wake taratibu, anamwambia pole, dada, umelala vibaya, shingo itakuuma. Mimi ni nesi, naingia kumpima mgonjwa wako presha, ukitaka tuingie wote. Atuganile anamuuliza amejuaje kwamba yeye ni fundi. Nesi anaonyesha shingo yake kwa kidole. Atuganile anajipapasa shingoni, na tepu ipo, ingawa anakumbuka vizuri kabisa alivyoidondosha. Vidole vyake vina wanga. Lakini vilikuwa na wanga tangu asubuhi. Jua bado liko magotini, halijasogea hata kidogo, na hilo nalo halimsaidii, kwa sababu kule hakuona jua lolote la kulinganisha. Wanapita kwenye pazia. Analipita kwa kujikaza, mkono mmoja mbele, akihofia mikunjo.

Sekela amelala ubavu wa kulia, amegeukia ukuta, shuka jeupe limefika kiunoni. Bega la kushoto ndilo la upande wa juu, wazi, kwenye gauni la hospitali ambalo halina sponji wala mshono wa mtu yeyote anayemjua. Nesi anafungua ule mkanda wa presha, anaunyoosha kwa mikono miwili, anausogeza. Atuganile anatazama bega. Hajawahi kutazama kitu hivyo maishani. Mkanda unakaribia, unafika, unagusa, unazunguka mkono na kukazwa, na bega halijainuka. Limekaa pale pale lilipo, limeangukia kwenye kifua, chini, mahali pake. Amelishusha kwa sababu ameambiwa, ama hana tena nguvu za kuliinua? Atuganile anamuuliza nesi kama mgonjwa amelala. Nesi anatazama kipimo, anasikiliza, anaandika, anasema hajazungumza tangu asubuhi. Presha iko chini, anaongeza, ngoja nimwite daktari, na anaondoka kwa viatu visivyo na sauti. Wamebaki wawili. Atuganile anaivua tepu shingoni, anaikunja na kuiweka sakafuni, mbali, nyuma ya mguu wa kitanda. Anainama.

Sekela, anaita.

Abee, dada, inajibu sauti kutoka ukutani.

Ni sauti yake. Kule nako ilikuwa sauti yake, na walijibu wote. Atuganile anaweka kiganja kwenye bega lililoshuka, na lina joto, anahisi pumzi ikipanda na kushuka chini ya mkono wake, fupi, na anasubiri kusikia kama mwishoni ina kikwazo. Akilivuta bega hilo kidogo tu, kichwa kitageuka, naye ataona kama kina uso. Vidole viko tayari. Anausikia mlango ukifunguliwa nyuma yake, anamsikia daktari akiuliza vipi hapa, na bado hajathubutu kulivuta.